Tajiri wa Fuso Moja: Kilomita ya Ivuna Inagharimu Shilingi Ngapi?

Katika biashara ya magari ya mizigo neno "hesabu" lina maana mbili. Ya kwanza ni fedha. Dereva ameshusha mzigo Tunduma, ametoa mafuta, ametoa posho yake na ya utingo, amewalipa makuli, kilichobaki anamtumia mwenye gari kwa simu na kumwambia, "Tajiri, hesabu yako hiyo." Ya pili ni ile ya darasani, ya kujumlisha na kugawanya. Wenye magari wengi huipokea ya kwanza kila wiki, na ya pili hawaigusi mpaka siku injini inapokufa. Hapo ndipo mtu anagundua kwamba gari lililomletea hesabu miaka minne mfululizo halikumwachia hata fedha za kununulia injini nyingine.

Jina lenyewe la tajiri lina kejeli ndani yake. Katika Bonde la Rukwa, tajiri huyo mara nyingi ni mkulima wa mpunga au mnunuzi wa mazao aliyeuza ng'ombe, akaongezea mkopo, akaleta Fuso la mtumba kwa sababu mizigo anaiona kwa macho yake: mpunga, ufuta, mahindi, chumvi. Mizigo ipo kweli. Swali ni kama kila kilomita anayosafiri inamlipa, na hilo halijibiwi kwa kutazama noti zinazoingia.

Ivuna iko Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Wanasayansi wa mambo ya anga wanalijua jina hili kuliko Watanzania wengi, kwa sababu ya kimondo cha gramu 705 kilichoanguka hapa tarehe 16 Desemba 1938. Kundi zima la vimondo adimu linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Wanaakiolojia nao wanaijua kwa chumvi. Brian Fagan na John Yellen walichapisha mwaka 1968 matokeo ya uchimbaji wao kwenye chemchemi za chumvi za Ivuna, na walionesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi hapa tangu karne ya 13 hivi. Yaani biashara ya kutoa mzigo Ivuna na kuupeleka kwa mnunuzi wa mbali ina umri mkubwa kuliko barabara yoyote ya Songwe.

Zamani mzigo ulitoka kwa vichwa vya watu, na katika misafara ya karne ya 19 pagazi alilishwa kwa posho: kibaba cha nafaka kwa siku. Kwa siku, si kwa maili. Msafara ukikwama mtoni wiki nzima, hakuna hatua iliyopigwa, lakini vibaba viliendelea kuliwa. Neno posho bado tunalo, dereva analipokea kila safari, ila lile funzo la kwamba kusimama nako kunakula tumelisahau. Nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowaua wengi.

Tuanze na kugawa gharama zote za gari kwenye mafungu mawili. Kuna zinazokuja kwa siku, gari litembee lisitembee, na kuna zinazokuja kwa kilomita. Dizeli, tairi, oili, filta, springi, bushi na klachi ni za kilomita. Mshahara, bima, leseni ya LATRA, ukaguzi, maegesho na uchakavu wa gari lenyewe ni za siku. Kuna moja iliyohama fungu: hadi mwaka 2017 mwenye gari alilipa ada ya leseni ya gari kila mwaka. Mwaka huo ikafutwa, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Wengi waliona ni ada tu imeondoka. Kwa anayefanya hesabu, gharama ya siku ilikuwa imegeuzwa kuwa ya kilomita: gari linaloshinda gereji likapumua, linalokimbia kila siku likachukua mzigo wa wenzake.

Sasa tumchukue tajiri wa mfano. Namba zote za gari hili ni zangu, nimezichagua ziwe za karibu na hali halisi na rahisi kugawanyika. Msomaji aweke zake mahali pake.

Amenunua Fuso la mtumba la kubeba tani 10 kwa shilingi milioni 60. Anakusudia kulitumia miaka 5 na kuliuza kwa milioni 25. Zilizobaki, milioni 35, zinaliwa na barabara kidogo kidogo: milioni 7 kwa mwaka. Huu ndio uchakavu, na ndio gharama inayosahauliwa kuliko zote kwa sababu hakuna mtu anayekuja kuidai. Dereva na utingo, mishahara pamoja na michango ya NSSF, 600,000 kwa mwezi, ni milioni 7.2 kwa mwaka. Bima, leseni na ukaguzi tuweke milioni 2.5. Maegesho, vocha, turubai na kamba, laki 6. Halafu kuna fedha iliyolala ndani ya chuma. Kwa wastani wa miaka mitano gari hilo lina thamani ya milioni 42.5, na fedha hiyo ingekuwa kwenye hati fungani za serikali au hata kwenye kununua ufuta msimu ukianza, ingezaa. Tuweke milioni 4.6 kwa mwaka.

Hapa kuna mtego kwa aliyekopa. Marejesho ya mkopo yana sehemu mbili, riba na mtaji. Riba iandikwe mahali pa fedha iliyolala. Mtaji usiandikwe tena, kwa kuwa tayari uko ndani ya uchakavu. Ukiuandika mara mbili utaona kila safari ni hasara na utaliuza gari zima bure.

Jumla ya fungu la siku ni milioni 21.9 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata shilingi 60,000. Hiyo ndiyo posho ya gari lenyewe. Likilala chini ya mwembe Jumapili, limekula 60,000. Fundi akisema "njoo kesho" mara tatu, limekula 180,000 kabla hujamlipa fundi.

Fungu la kilomita ndilo lenye utata, maana kilomita hazifanani. Barabara ya kutoka Mlowo kushuka hadi Kamsamba, jirani na Ivuna, inakaribia kilomita 130, ambazo kwa hesabu hii tuzichukue zote kuwa za udongo na changarawe, na ndani yake kuna mteremko wa kuingia bondeni. Ukifika Mlowo unakutana na lami ya barabara kuu ya TANZAM, na hadi Tunduma tuweke kilomita 50. Safari moja, barabara mbili, na mtu anayechukua wastani wa mafuta wa wiki nzima kisha akauita "gari langu linakula hivi" hajui kinachomla.

Tuseme dizeli ni shilingi 2,900 kwa lita. Kwenye lami, Fuso lenye mzigo linakwenda kilomita 3.5 kwa lita, tupu kilomita 5. Kwenye udongo, lenye mzigo 2.5, tupu 3.5. Tairi sita kwa 550,000 kila moja ni milioni 3.3, kwenye lami zitadumu kilomita 60,000, ambayo ni shilingi 55 kwa kilomita, lakini kwenye mawe na mashimo zikifika 25,000 shukuru Mungu, na hiyo ni shilingi 132. Sevisi ya laki 3 na nusu ukiifanya kila kilomita 5,000 ni shilingi 70. Kwenye vumbi la bonde filta ya hewa inaziba mapema, unaifanya kila 3,500, inakuwa 100. Spea za miguuni, yaani springi, bushi, breki na klachi, tuweke shilingi 100 kwenye lami na 300 kwenye udongo.

Ukijumlisha, kilomita ya lami yenye mzigo ni shilingi 1,054 na tupu ni 805. Kilomita ya udongo yenye mzigo ni 1,692, na tupu ni 1,361. Linganisha 1,361 na 1,054: gari tupu kwenye udongo linagharimu kuliko gari lililojaa kwenye lami. Dereva anayerudi bondeni bila mzigo anatumia fedha nyingi kwa kila kilomita kuliko mwenzake aliyebeba tani 10 kwenye lami ya Vwawa.

Safari yenyewe basi. Kwenda na mzigo: udongo 219,960, lami 52,700. Kurudi tupu: lami 40,250, udongo 176,930. Jumla 489,840. Posho ya dereva na utingo 60,000, makuli na dalali 40,000. Hadi hapo ni 589,840. Ongeza siku nne, moja ya kupakia, moja ya njiani, moja ya kushusha na kupata risiti, moja ya kurudi, kila moja 60,000. Safari imegharimu 829,840 kwa kilomita 360, sawa na shilingi 2,305 kwa kilomita. Lakini mwenye mzigo analipia kilomita 180 tu za kwenda, kwa hiyo kila kilomita inayolipiwa inabeba 4,610.

Bondeni hakuna anayelipa kwa kilomita. Analipa kwa gunia. Magunia 100 ya kilo 100, bei ya usafiri shilingi 7,000 kwa gunia, mapato laki 7. Dereva anatoa mafuta, posho na makuli, anatuma hesabu: karibu 271,000. Tajiri anafurahi. Kumbe safari hiyo imemla shilingi 129,840. Hajaziona kwa sababu zimetoka kwenye tairi, kwenye bei ya kuliuza gari, na kwenye mishahara ambayo italipwa mwisho wa mwezi. Kwa siku nne hizi gunia lilitakiwa lisafirishwe kwa shilingi 8,300 ili mtu arudi pale alipokuwa, bila senti ya faida.

Na bado nimemhurumia. Nimegawa gharama za siku kwa siku 365, kana kwamba gari linafanya kazi hata mwezi wa pili mvua ikiwa imepamba moto na udongo mweusi wa bondeni umegeuka uji. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Tuseme gari linapata siku 240 za kazi kwa mwaka. Siku hizo 240 ndizo zinapaswa kulisha zile 125 nyingine, kwa hiyo siku ya kazi haigharimu 60,000 tena, ni 91,250. Safari ileile inafika 954,840, na gunia 9,550.

Hivyo mwenye gari anapaswa kuwa na bei tatu kichwani. Shilingi 5,900 kwa gunia ni sakafu: chini ya hapo anatoa fedha mfukoni kumbebea mtu mzigo. Shilingi 8,300 ni bei ya gari linalofanya kazi mwaka mzima, ambalo halipo Ivuna. Shilingi 9,550 ni bei ya msimu. Mwezi mkavu usio na mzigo, gari limesimama wiki ya pili, mtu akija na 7,000 mpokee, kwa sababu mshahara utalipwa hata hivyo na kila shilingi juu ya sakafu inapunguza maumivu. Ila 7,000 hiyohiyo ikipokelewa wakati wa mavuno, magari yakigombewa, ni kosa la kiuchumi lisilo na utetezi. Ndivyo inavyotokea kila mwaka, kwa kuwa kila tajiri anaogopa kwamba mwenzake atachukua mzigo kwa 6,500.

Gunia nalo lina hila yake. Lumbesa imekatazwa, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita, lakini mnunuzi anayeshona gunia likafura juu kama kiremba hajamwibia mkulima peke yake. Amemwibia na mwenye gari. Magunia 100 yenye kilo 115 ni tani 11.5, na tani moja na nusu imepanda bure. Bei ya usafiri ingesemwa kwa kilo, nusu ya ugomvi huu ungekwisha.

Wengine wanaona dawa ni kujaza zaidi. Magunia 120 badala ya 100, na gharama ya gunia inashuka hadi 6,900, basi 7,000 inaleta faida! Kwenye karatasi ni kweli. Ila Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na 10 kwenye ekseli moja ya tairi mbilimbili. Fuso la ekseli mbili mwisho wake ni tani 18, gari na mzigo. Toa uzito wa gari lenyewe, uone kilichobaki kama kinatosha magunia 120. Udongo wa Kamsamba hauna mzani, lakini kabla ya kuingia Tunduma uko mzani wa Mpemba, na hauna undugu. Sababu ya serikali kuwa kali inajulikana tangu majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960: uharibifu wa barabara hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Zidisha uzito kwa asilimia 20, unaiumiza lami mara mbili. Springi zako hazijui kipeo cha nne, lakini nazo zina namna yao ya kulalamika, na kwa kawaida hulalamikia mbali na gereji.

Dawa ya kweli ni mzigo wa kurudi, na hapa ndipo ningetaka kila mwenye Fuso atumie muda wake wote wa kufikiri. Tuseme dereva badala ya kugeuza siku ileile anasubiri siku moja zaidi Tunduma au Mlowo, anapata mifuko 100 ya saruji ya kupeleka bondeni kwa 2,500 kila mfuko. Ni tani 5 tu, nusu gari. Mapato yanaongezeka 250,000. Mafuta na uchakavu wa ziada tuweke 35,000, siku ya tano 60,000. Hasara ya 129,840 inageuka faida ya 25,160. Faida ndogo, haijengi nyumba, lakini gari limehama kutoka upande mmoja wa mstari kwenda mwingine kwa nusu mzigo wa saruji. Mabati, mbolea, soda, vyote hushuka bondeni kwa gari la mtu fulani. Mwenye duka la Ivuna na mwenye Fuso la Ivuna mara nyingi ni majirani, na bado mmoja anakodi gari Tunduma huku la mwenzake likirudi tupu nyuma yake.

Dizeli inapigiwa kelele kuliko kitu kingine chochote, na kelele hizo zina haki yake. Safari yetu inakunywa lita 113 hivi, karibu shilingi 329,000, asilimia 40 ya gharama yote. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikoa iliyo mbali na bandari hulipa zaidi kwa sababu mafuta nayo husafirishwa na malori yanayokunywa mafuta. Bei ikipanda shilingi 100 kwa lita, safari inaongezeka 11,300, yaani shilingi 113 kwa gunia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei hadi serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, wenye magari walipandisha nauli za mizigo kwa kukisia. Aliyejua kwamba shilingi 100 ni 113 kwa gunia angeweza kumwonesha mteja daftari, na mteja anayeoneshwa daftari hubisha kidogo.

Tukilinganisha na Marekani, taasisi ya utafiti wa usafirishaji ya huko, ATRI, ilikadiria kwamba mwaka 2023 lori liligharimu dola 2.27 kwa maili, karibu dola 1.41 kwa kilomita. Yetu, tukichukua dola kwa shilingi 2,500, ni senti 92. Sisi ni rahisi? Hapana. Lao linabeba tani 20 na zaidi kwenye lami tupu, letu tani 10, tena kwa kwenda tu. Tani moja ya mpunga kusafiri kilomita moja kutoka Ivuna inagharimu zaidi ya mara mbili ya tani yao. Kule fungu kubwa ni mshahara na marupurupu ya dereva. Huku ni dizeli na mashimo. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ushauri wa vitabu vya kwao haufai kunakiliwa: wao wanabana muda wa dereva, sisi tunapaswa kubana kilomita tupu.

Neno juu ya maili, kwa kuwa malori ya Kimarekani kama Freightliner yameingia kwa wingi kwenye ushoroba huu. Dashibodi zake zinasoma maili. Sisi maili tuliziacha, zimebaki kwenye majina kama Maili Moja ya Kibaha, na kuna wanaopanga sevisi ya kilomita 10,000 kwa kusoma namba ya maili. Gari linapelekwa kwa fundi likiwa limetembea kilomita 16,000, kisha lawama anabebeshwa muuza oili. Na ambaye dashibodi yake imekufa, jambo la kawaida mno kwa Fuso la mtumba, asome nguzo za kilomita za barabarani au apime kwa simu, lakini apime.

Kuhusu dereva nitasema kidogo, ingawa wenye magari wakikutana ndio mazungumzo yote. Mafuta hunyonywa, ni kweli, na anayejua kwamba safari inahitaji lita 113 atajua ikiisha lita 140. Kipimo kinamlinda hata dereva mwaminifu, maana kinamtofautisha. Lakini tajiri anayetoa posho isiyotosha chakula cha siku nne ameshaamua kulipa iliyobaki kwa dumu, na dumu halitoi risiti. Kuna pia imani ya kuachia gari fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia na mguu umetolewa kwenye mafuta, mteremko ndio unaoizungusha na pampu karibu haipeleki kitu. Kwenye fri inabidi ijizungushe yenyewe kwa mafuta. Hakuna kinachookolewa. Kinachopotea ni injini kukusaidia kushika gari, na anayejua miteremko ya Senjele au Iwambi anajua breki pekee zinafika wapi.

Nimesema kilomita hazifanani, na Tunduma nayo ina yake. Mwenye semi inayovuka Nakonde kwenda Zambia na Kongo ana barabara ya lami, ana mzigo wa kwenda na mara nyingi shaba ya kurudi, na kilomita zake zina afya kuliko za Fuso letu. Adui yake ni foleni. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza muda wa kuvuka, na bado yametokea malori kujipanga kando ya barabara kwa kilomita kadhaa. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona. Agosti 2024 ikafunga mipaka yake na Kongo, Kasumbalesa ikiwamo, na malori yakasimama. Semi ambayo gharama zake za siku ni 180,000, ikisimama siku tano, imekula 900,000. Gawanya kwa kilomita 930 za kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam: ni sawa na kuongeza karibu shilingi 1,000 kwenye kila kilomita, wakati tairi hazijazunguka.

Kampuni kubwa huandika kwenye mkataba fidia ya kusubiri. Mwenye gari moja anayepewa mzigo na dalali kwa maneno hana karatasi, na ukimuuliza atakwambia akidai fidia atanyimwa mzigo unaofuata. Anasema kweli. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kumalizwa na mtu mmoja na daftari lake. Kipo TAMSTOA, chama cha wenye malori wa kati na wadogo, na kazi moja ambayo ningependa kuiona ikifanywa na chama cha namna hiyo ni kutangaza kila mwezi gharama ya kilomita kwa njia kuu na kwa barabara za udongo kama ya Kamsamba, kama EWURA inavyotangaza dizeli. Si kupanga nauli, maana hilo ni jambo la soko na sheria za ushindani. Ni kumpa mtu wa Ivuna namba ya kushika mkononi anapozungumza na mnunuzi wa ufuta aliyetoka Dar es Salaam akiwa na namba zake tayari.

Daraja la Mto Momba linaunganisha Kamsamba na Kilyamatundu upande wa Rukwa, na kwa Fuso linalovuka mto huo lilikuwa na maana kuliko ruzuku yoyote, kwa kuwa siku za kusubiri mto upungue zilifutika. Lami ya Mlowo hadi Kamsamba ikikamilika yote, kilomita 130 za shilingi 1,692 zitakuwa za 1,054, na kurudi tupu 805. Kwa safari moja ni karibu shilingi 155,000, sawasawa na kile kilicholetwa na mzigo wa saruji. Mpaka siku hiyo, mzigo wa kwenda peke yake kwa shilingi 7,000 kwa gunia wakati wa mavuno usiupokee. Nunua daftari la shilingi 2,000, ukurasa mmoja kwa kila safari: kilomita za udongo, kilomita za lami, lita, siku. Bei mpya ya dizeli itatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao. Anza na mstari huo.